UZI: Mwenye malengelenge ya sehemu za siri na una mimba, mwambie mkunga kabla ya wiki ya 36

#1 MamaZ_Walukuba (mwanzisha uzi)

Habari zenu humu ndani. Niko Walukuba hapa Jinja, Uganda, miaka 31, watoto wawili, huyu wa pili ametimiza wiki sita juzi. Hili jambo nimekaa nalo rohoni tangu 2019, leo nalitoa manake wiki iliyopita jirani yangu mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikuja kwangu analia, hawezi hata kukojoa, ameshauziwa dawa ya fangasi mara tatu kwenye duka la dawa na hakuna hata mmoja aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Mimi nilipomwona tu nilijua, kwa sababu nilipitia hapohapo.

Nazungumzia hepesi ya sehemu za siri. Siyo kisipi jamani, watu wengi huku wanachanganya. Kisipi, wengine wanaita mkanda wa jeshi, kinatokana na virusi vya tetekuwanga na kinakaa upande mmoja wa mwili. Hii yetu ni virusi vingine, vya aina mbili, ya kwanza ndiyo ile ya vidonda vya mdomoni mara nyingi na ya pili ndiyo ya huku chini, ila hata ile ya mdomo inaweza kushuka chini kwa kunyonyana. Ukishaipata inakaa kwenye mishipa ya fahamu karibu na mfupa wa mgongo, inalala, siku mwili ukichoka inaamka.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa 2021. Kliniki wakanitoa damu, ukimwi hakuna, kaswende hakuna, homa ya ini hakuna, nikarudi nyumbani nimefurahi nikajua basi mimi mzima, kumbe hepesi haimo kabisa kwenye vile vipimo vya kawaida vya wajawazito! Hakuna aliyeniuliza na mimi sikusema. Wiki ya 38 nikaanza kusikia ule mchonyoto ninaoujua, kama umeme unashuka kwenye paja, nikanyamaza. Siku mbili baadaye uchungu ukaanza, mume akaniitia boda tukaenda kliniki ya karibu, saa tisa usiku mkunga ananipima akaona vidonda. Alipiga kelele mbele ya wamama wengine wanne, maneno aliyoniambia sitayaandika hapa. Nikahamishwa na uchungu juu ya gari la kukodi mpaka hospitali yenye chumba cha upasuaji nikapasuliwa alfajiri. Mtoto mzima, Mungu ni mwema. Lakini ile safari yote ya usiku ingeepukika kama ningesema mapema.

Hii ya pili nilisema siku ya kwanza ya kliniki. Nilitetemeka lakini nikasema. Yule nesi akaandika tu kwenye kadi, akaniambia mama usijali wapo wengi, wiki ya 36 utaanza vidonge. Nikameza asiklovia, dawa ya hiki kirusi, mpaka siku ya kujifungua, sikutoka kidonda hata kimoja, na japo nina kovu la operesheni daktari alikubali nijaribu kawaida kwenye hospitali ileile yenye chumba cha upasuaji. Nikazaa kawaida, kilo 3.2.

Kwa hivyo nauliza na nasema, wangapi humu mnaficha?

#2 NyotaBombo

Mama Z umenitoa machozi. Mimi ninayo kabla sijaolewa, saa hizi niko wiki 29. Sijamwambia mtu kliniki. Kuna mtu aliniambia mtoto atazaliwa kipofu kwa hiyo kila usiku silali nawaza hilo tu. Alafu mama mkwe kaniletea emmumbwa, ule udongo uliochanganywa na majani ya dawa, ninywe na kuogea anasema inasafisha njia. Nifanyeje dada zangu? Na je lazima nipasuliwe? Sina hizo sente za operesheni

#3 MkungaTororo

Nyota pole sana mwanangu, lala usiku. Mimi ni mkunga, miaka 17 kwenye leba, ngoja nikueleze polepole.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawakijui: wewe uliyenayo kutoka zamani ndiye mwenye hatari NDOGO. Mwili wako umeshatengeneza askari wa kupigana na hiki kirusi na wale askari wanapita kwenye kondo la nyuma wanamfikia mtoto tumboni, anazaliwa nao. Kwa mama kama wewe, hata kidonda kikirudi wakati wa kuzaa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa unahesabika kwa watoto wachache sana katika 100, na ukiwa huna kidonda ni chini ya mmoja. Hatari kubwa ni kwa mama anayeipata KWA MARA YA KWANZA miezi ya mwisho, huyo hajawahi kuwa na wale askari, hana cha kumpa mtoto, akizaa kawaida ni watoto kama 30 mpaka 50 katika 100. Ona tofauti hiyo.

Na mtoto mara nyingi haambukizwi tumboni. Katika watoto 100 walioambukizwa, kama 85 wameipata wakati wa kupita njiani, kama 10 baada ya kuzaliwa kwa kubusiwa na kushikwa na mtu mwenye kidonda, na 5 tu ndio wa tumboni. Ndiyo maana vita yetu kubwa ni ile siku ya leba.

Sasa wewe: nenda kliniki, mwambie mkunga pembeni, "mimi huwa natokwa na malengelenge chini." Sentensi moja tu inatosha. Dozi inayotumika ni asiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36 mpaka ujifungue, Uingereza siku hizi wanaanza hata wiki ya 32. Kutoka 36 mpaka 40 ni vidonge 84 vya 400, au 168 kama wana vya 200 tu, kwa hiyo anza kuulizia mapema manake kwenye vituo vya serikali huduma ni bure tangu 2001 lakini dawa zinaisha na utaambiwa ukanunue famasi. Weka akiba kidogokidogo kuanzia sasa, una wiki saba. Usijinunulie bila kuandikiwa lakini, wenye shida ya figo dozi yao inabadilishwa.

Operesheni siyo lazima! Ni ukiwa na kidonda, au ule mchonyoto wa kuashiria kidonda, wakati uchungu umeanza au chupa imepasuka. Hakuna kidonda, hakuna mchonyoto, unazaa kawaida kama wengine. Ila jipange kuzalia mahali penye upasuaji, kwa huku kwetu ni helthi senta foo, yaani kituo cha afya cha daraja la nne, yenye daktari au hospitali, siyo senta thrii, usije ukaanza kutafuta gari usiku kama mwenzetu wa juu hapo.

Emmumbwa najua mama mkwe ana nia nzuri, usigombane naye. Lakini usiingize kitu chochote ukeni, udongo wala majani, ngozi yenye vidonda inachubuka zaidi. Mwambie nesi kakukataza, mtupie mzigo nesi.

#4 Ssebo_Kasese

Samahani kuwaingilia kina mama ila hizi dawa za kuua virusi mjamzito anamezaje?? si zinamharibu mtoto tumboni. Shangazi yangu alipona kwa kujiosha na maji yenye dawa ile ya kutoa madoa ya nguo, siku tatu vidonda vikakauka kabisa hadi leo

#5 MkungaTororo

Ssebo nakuomba kwa heshima hiyo ya dawa ya madoa usimwambie mwanamke mwingine yeyote. Nimeshona na kusafisha wanawake walioungua kwa hiyo kitu. Vidonda vya hepesi hukauka vyenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne mara ya kwanza, na siku chache zile zinazorudi, hata ungejiosha na maji ya mvua. Shangazi hakupona, kirusi kimelala.

Kuhusu dawa, asiklovia ni ya zamani, imetumika na wajawazito miaka mingi. Kulikuwa na rejista ya wajawazito waliomeza kutoka 1984 mpaka 1999, zaidi ya 1,200, watoto wenye kasoro hawakuzidi wale wa kawaida. Ina kazi ya pekee, inaamka ikikutana na seli yenye kirusi, kwenye seli nzima inapita tu. Na hata kunyonyesha inaruhusiwa.

Kinachosaidia maumivu: maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kukojoa huku unajimwagia maji au umekaa kwenye beseni ili mkojo usichome, nguo ya ndani ya pamba, parasetamo. Zile diklofenaki na brufeni za dukani achana nazo na mimba. Na kama yule jirani wa mama Z, mkojo ukigoma kabisa kutoka siyo wa kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyohiyo, utawekewa mpira wa kutoa mkojo.

#6 MamaZ_Walukuba

Jirani nilimpeleka mwenyewe hiyo siku. Aliwekewa mpira wa mkojo kweli, wakampima na kaswende upya wakamwambia kidonda chochote chini lazima kaswende itolewe wasiwasi, ikatoka hana. Daktari kasema hii ni mara yake ya kwanza kwa hiyo atameza sasa mfululizo mpaka ajifungue na amepangiwa operesheni. Aliniuliza kitu kimoja tu njiani, "mama Z hii imetoka wapi, mimi sijatoka nje ya ndoa." Nilikosa jibu.

#7 BabaMtarajiwa_Busia

Nimesoma hadi mwisho nikazima simu nikawasha tena. Mimi ni mwanaume. Hii kitu ninayo tangu 2016 nikiwa Malaba, inanitoka kama mara mbili kwa mwaka. Mke wangu ana mimba ya miezi sita na hajawahi kulalamika hata siku moja, na sijawahi kumwambia. Huwa nikiona dalili najifanya nimechoka au nina safari ya mzigo. Nilidhani kama hakuna kidonda hakuna shida. Sasa huyo jirani wa dada hapo juu ndio mke wangu kabisa huyo. Nisaidieni bila kunitukana

#8 MamaZ_Walukuba

Kaka hakuna wa kukutukana hapa, na hata akitokea nitamjibu mimi. Umefanya vizuri kuandika.

Lakini nitakwambia ukweli kama dada yako. Ile hesabu ya mkunga ya 30 mpaka 50 ni ya mke wako akiipata sasa, siyo yangu mimi wala Nyota. Sisi tunajulikana tunayo. Yeye huenda anaingia miezi mitatu ya mwisho bila kinga yoyote na hajui kuna kitu cha kujikinga nacho. Nakuelewa unaogopa ndoa, nami niliogopa, mimi ndiye niliyekuwa nayo na mume wangu hana, nilimwambia tukiwa tumeshaposana, nilikaa siku tatu sijui kama atarudi. Alirudi. Alichoniambia ni kwamba afadhali asikie kwangu kuliko kwa daktari. Mke wako akisikia kwa daktari akiwa juu ya kitanda cha leba, kaka, hapo ndipo ndoa inaumia kweli.

Mwambie wiki hii.

#9 MkungaTororo

Naongezea kwa baba wa Busia. Kirusi kinatoka kwenye ngozi hata siku ambazo hakuna kidonda, ndivyo watu wengi wanavyoambukizwa, mwenye nacho haoni kitu na mwenzake haoni kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 500 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana hii aina ya pili, Afrika ndiyo tuko juu zaidi na wanawake wanapata kuliko wanaume, na wengi hawajui kwamba wanayo.

Kondomu inapunguza, haimalizi, manake haifuniki ngozi yote. Wewe mwenyewe kumeza dawa kila siku kunapunguza, kwenye utafiti mmoja wa 2004 wa valasiklovia, ndugu yake asiklovia, ilipunguza karibu nusu. Watu watauliza tohara, ule utafiti wa Rakai hapa Uganda uliotoka 2009 ulionyesha waliotahiriwa walipata hii hepesi kwa asilimia 28 chini ya wengine, lakini wewe unayo tayari kwa hiyo hiyo haimlindi mke leo. Ushauri kwa mume mwenye nayo na mke mjamzito asiye nayo ni kuacha kabisa tendo kuanzia mwezi wa saba mpaka ajifungue. Na mdomo pia! Ukiwa na kidonda mdomoni usimguse huko.

Nendeni kliniki pamoja. Huku kwetu mwanaume akifika na mkewe wanahudumiwa haraka, utaona. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mke naye tayari anayo bila kujua, wengi huwa wanayo, ila hakipo kila mahali na majibu yake yana utata, kama umeambukizwa karibuni kinaweza kusema huna. Kipimo kizuri ni cha kufuta kidonda chenyewe kikiwa kibichi.

#10 Auntie_Masindi

Banange mimi nichangie upande wa mtoto kwa sababu humu kila mtu anaongelea leba na baada ya leba mtu anasahau. Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa vizuri, mama hana chochote. Siku ya tisa akaacha kunyonya, analala tu, ukimwamsha analegea kama nguo, mwili wa moto. Tukasema ni joto, tukamwogesha ekyogero, yale maji ya majani ya watoto wachanga, kama kawaida. Siku ya 11 degedege, na kulikuwa na vipele vitatu vya maji karibu na jicho ambavyo tulikuwa tumeviona na tukaviita jasho. Hospitali walianza na dawa za bakteria, ni daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza "nani kwenye nyumba ana kidonda mdomoni?" Tukaangaliana. Baba mdogo alikuja siku ya pili kumwona mtoto akambusu mdomoni na alikuwa na kidonda cha homa kwenye mdomo. Siku 21 za asiklovia ya mshipa, mara tatu kwa siku, mdogo wangu alilala chini ya kitanda siku 21. Mtoto alipona, anaenda darasa la kwanza sasa, ila jicho moja linaona kidogo.

Simlaumu yule mzee, hakujua. Ila tangu hapo mtoto mchanga akizaliwa kwetu mimi nasimama mlangoni. Mikono maji na sabuni, midomo mbali, ukija na kidonda utamwona mtoto akifikisha miezi.

#11 MkungaTororo

Auntie asante kwa kuleta hii, pole kwa mliyopitia. Wamama shikeni hizo dalili: kuacha kunyonya, kulegea, homa au mwili kupoa, malengelenge kwenye ngozi au macho au mdomo, degedege, ndani ya wiki nne za kwanza. Na wengine hawatoi malengelenge KABISA, kwa hiyo usisubiri uyaone. Ukifika mwambie daktari wazi, "mimi nina hepesi" au "kuna mtu mwenye kidonda alimbusu," utamwokolea masaa.

#12 Mwanamke_Kasubi

Natumia ARV tangu 2018 na hii hepesi inanirudia sana kuliko wenzangu. Mimba wiki 33. Naogopa kuongeza vidonge vingine juu ya vile, ni vingi. Na je nitanyonyesha?

#13 MkungaTororo

Usikate ARV hata siku moja dada. Kwa mwenye virusi vya ukimwi hepesi hurudi mara nyingi zaidi, na virusi vikishushwa na dawa nayo hutulia. Asiklovia unaweza kumeza pamoja, ila waonyeshe kopo la ARV zako manake zingine zinapita kwenye figo kama asiklovia, watakuangalia figo na kukuambia unywe maji mengi. Nyonyesha kama ulivyoelekezwa kwenye kliniki yako. Hepesi haizuii kunyonyesha isipokuwa kidonda kiwe kwenye titi lenyewe, hilo titi unakamua na kumwaga, unanyonyesha la upande mwingine, kidonda kikikauka unarudi.

Na siku ya leba, hii ni kwenu wote, mkumbushe anayekuzalisha kwa mdomo wako hata kama iko kwenye kadi. Atakukagua kwa taa, na atajua asikupasue chupa mapema bila sababu na asimchubue mtoto kichwani kwa vyombo. Zamu zinabadilika usiku, kadi inakaa kwenye faili, hasomi kila mtu.

#14 BabaMtarajiwa_Busia

Nimerudi. Nilimwambia jana usiku watoto wa dada yake walipolala. Alinyamaza muda mrefu sana, akaenda kulala kwenye chumba kingine. Asubuhi amenipikia chai akaniuliza kliniki inafungua saa ngapi. Hajaniangalia usoni bado lakini tunaenda Jumatatu wote wawili. Nilimwonyesha huu uzi. Amesoma ile ya mama Z mara mbili nilimwona

#15 MamaZ_Walukuba

Mpe muda kaka. Mpelekee salamu zangu, mwambie akitaka kuzungumza na mwanamke mwenzake aje inboksi, nitamjibu saa yoyote hata nikiwa nanyonyesha. Jirani yangu amepasuliwa jana, msichana, wamemchukua vipimo vya ngozi na mdomo kwa tahadhari na wanamwangalia kwa karibu, mpaka sasa ananyonya kwa nguvu.

#16 NyotaBombo

Nimesema leo!!! Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili na nilipoitwa nilikuwa nimesahau maneno yote, nikamwonyesha nesi simu, ile sentensi ya mkunga. Akasoma akafunga mlango. Akaniuliza mara ya mwisho ilitoka lini, akahesabu wiki kwenye kalenda ya ukutani, kaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi. Wiki ya 36 inaangukia Jumanne. Nimeshanunua vidonge 20 vya kwanza njiani nikirudi, alivyoniandikia